Kim Le Court, mwana wa kisiwa aliyevaa jezi ya njano

Kimberley Le Court, ambaye jina lake huandikwa pia Le Court Pienaar, ni mwendesha baiskeli wa kulipwa kutoka kisiwa cha Morisi. Alizaliwa Machi 23, 1996. Tangu mwaka 2024 amekuwa katika timu ya AG Insurance–Soudal ya Ubelgiji, inayoshindana kwenye daraja la juu kabisa la mbio za barabarani za wanawake. Mnamo Aprili 27, 2025 alishinda mbio za Liège–Bastogne–Liège na kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mojawapo ya mbio kongwe za siku moja za Ulaya. Miezi mitatu baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi ya njano katika Tour de France ya wanawake.

Morisi haiko mbali na sisi kama ramani za shuleni zinavyotufanya tuamini. Ni bahari yetu hii hii ya Hindi, kusini-mashariki baada ya Bukini. Wakazi wake ni takriban milioni moja na robo. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu milioni 1.2 katika Kaunti ya Mombasa peke yake. Kwa hivyo nchi iliyomtoa bingwa huyu ina watu karibu sawa na kaunti yetu moja. Tena ni kisiwa unachoweza kukizunguka chote kwa baiskeli kwa siku moja ukiwa na pumzi.

Makala haya yanaeleza safari ya Le Court, na pia namna kazi ya mwendesha baiskeli wa kike inavyokwenda: analipwa na nani, anafanya nini barabarani na mlango wa kuingilia uko wapi. Mambo hayo hayatenganishiki. Le Court aliingia timu kubwa akielekea miaka 28, umri ambao wanamichezo wengi huanza kuambiwa kwamba wakati umewapita.

Njia ya kuzunguka

Akiwa bado kijana, Le Court alikwenda Ulaya kujaribu bahati yake kwenye mbio za barabarani. Alipita kwenye timu ndogo, halafu akarudi Afrika. Wakati huo, katikati ya miaka ya 2010, hapakuwa na kanuni yoyote iliyolazimisha timu ya wanawake kumlipa mwendeshaji mshahara wa kima fulani. Wengi waliendesha wakipewa baiskeli, sare na nauli tu. Wengine walifanya kazi nyingine au walisoma huku wakishindana, na wengine waliishi kwa msaada wa wazazi. Mzungu mwenye kwao karibu angeweza kurudi nyumbani baada ya mbio na kula kwa mama. Aliyetoka Bahari ya Hindi alihitaji kodi ya nyumba, viza, tiketi ya ndege na moyo wa kukaa peke yake.

Aliporudi hakuitundika baiskeli ukutani. Aligeukia baiskeli za milimani, na kwa miaka kadhaa akashindana zaidi Afrika Kusini, nchi yenye mbio nyingi za namna hiyo na wadhamini wa kuzigharamia. Kubwa kuliko zote ni Cape Epic, mashindano ya siku nane katika Rasi ya Magharibi yanayofanyika kila mwaka mwezi Machi. Washiriki huendesha wawili wawili na lazima waandamane. Mmoja akipata pancha au akiishiwa nguvu, mwenzake humsubiri. Mwaka 2023 Le Court na Vera Looser wa Namibia walishinda upande wa wanawake baada ya takriban kilomita 650 za vumbi, mawe na milima.

Ushindi huo ulionyesha wazi kwamba uwezo upo. Mwaka uliofuata AG Insurance–Soudal ikampa mkataba. Humo alimkuta Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini, ambaye kwa zaidi ya muongo mmoja alikuwa uso wa Afrika katika mbio za wanawake, na aliyemaliza wa pili mara mbili katika mbio kubwa za Italia, mwaka 2018 na 2021.

Le Court hakuchelewa kujibu. Julai 2024, katika mbio hizo hizo za Italia, alishinda hatua ya mwisho iliyoishia mji wa L'Aquila. Kwa waliokuwa hawamjui, siku hiyo walilitafuta jina la Morisi kwenye ramani.

Liège, Aprili 2025

Katika mbio za barabarani kuna mashindano matano ya siku moja yanayoheshimiwa kuliko mengine kwa sababu ya ukongwe na ugumu wake. Liège–Bastogne–Liège ni mojawapo, na ndiyo ya zamani kuliko zote, kwani wanaume walianza kuyashindania mwaka 1892. Wanawake waliruhusiwa kuwa na yao mwaka 2017 tu. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 125.

Njia ya wanawake huanzia Bastogne na kuelekea kaskazini hadi Liège, kilomita zisizopungua 150 katika vilima vya Ardennes. Vilima hivyo si virefu, ila vinafuatana kimoja baada ya kingine, na kila kimoja huacha watu nyuma. Mwaka 2025 walibaki wanne mbele: Le Court, Puck Pieterse na Demi Vollering wa Uholanzi, na Cédrine Kerbaol wa Ufaransa. Vollering alikuwa ameshazishinda mbio hizo na alikuwa ameshinda Tour de France ya 2023, hivyo wengi walimtazama yeye. Walipofika mita za mwisho ikawa ni mbio za kasi, na Le Court akawatangulia wote. Pieterse akawa wa pili, Vollering wa tatu.

Siku nne za njano

Tour de France ya wanawake ya 2025 ilianza Julai 26 mjini Vannes, magharibi mwa Ufaransa, na kumalizika Agosti 3 huko Châtel, karibu na mpaka wa Uswisi. Ilikuwa na hatua tisa. Hatua ni mbio za siku moja zenye mshindi wake, lakini muda wa kila mtu hujumlishwa siku hadi siku. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye huvaa jezi ya njano kesho yake, ili watazamaji wamtambue kwa mbali na wapinzani wajue ni nani wa kumwinda.

Baada ya hatua ya pili jezi hiyo ilimwangukia Le Court. Kesho yake ikarudi kwa Marianne Vos wa Uholanzi, mkongwe ambaye wengi humhesabu kuwa mwendesha baiskeli bora wa kike katika historia. Hatua ya tano iliishia Guéret, katikati ya Ufaransa, baada ya kilomita zaidi ya 160. Kundi dogo la wenye nguvu lilifika pamoja na Le Court akawashinda kwa kasi ya mwisho. Hiyo ilikuwa hatua yake ya kwanza kushinda katika Tour, na jezi ya njano ikarudi mgongoni mwake.

Aliilinda siku ya sita. Siku ya saba, akiteremka mlima wa Granier kuelekea Chambéry, alianguka. Katika mteremko kama huo baiskeli hupita kilomita 70 kwa saa, na kati ya ngozi na lami hakuna kitu isipokuwa kitambaa chembamba. Aliinuka, akapanda tena, akawafukuza waliomtangulia hadi akawafikia, na jioni akapanda jukwaani kuvishwa jezi ile ile.

Mwisho wake ulikuja siku ya nane kwenye mlima wa Madeleine, mwinuko wa karibu kilomita 19 unaofika mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Milima ya namna hiyo ina wenyewe, watu wepesi wanaoweza kupanda kwa saa nzima bila kupunguza mwendo. Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa aliwaacha wote, akachukua jezi na kesho yake akashinda mashindano. Le Court alikuwa ameivaa baada ya hatua nne. Kabla yake, Mwafrika aliyewahi kuvaa njano upande wa wanaume alikuwa Daryl Impey wa Afrika Kusini mwaka 2013, naye alikaa nayo siku mbili.

Kazi yenyewe ni ipi

Mtu anayetazama kwenye runinga huona kundi kubwa la watu wamesongamana, halafu mmoja anashinda. Ni rahisi kudhani kwamba kila mtu anajipigania. Ukweli ni kwamba huu ni mchezo wa timu ambao zawadi yake hupokelewa na mtu mmoja.

Sababu yake ni upepo, jambo ambalo mvuvi au nahodha wa jahazi halihitaji kufafanuliwa. Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli kwenye barabara tambarare ni hewa iliyo mbele yake. Anayejificha nyuma ya mwenzake huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake, pengine theluthi moja au zaidi. Kwa hiyo timu humchagua mmoja wa kulindwa na wengine humkinga. Huchukua maji kutoka kwenye gari la timu na kumletea. Akipata pancha, humsubiri na kumvuta hadi kwenye kundi. Wapinzani wakichomoka, wao ndio huwafukuza, na wakiishiwa pumzi huachwa nyuma bila mtu kuwaulizia.

Katika Tour ya 2025 kila timu ilikuwa na wanawake saba. Wako waliozaliwa kwa kasi ya mwisho na wako wa milimani. Wengine wanaweza kuendesha peke yao dhidi ya saa, na wengine, walio wengi, kazi yao ni kuwatumikia hao. Le Court ana sifa adimu ya kupanda vilima vifupi na wenye nguvu na bado kubaki na kasi ya kumalizia. Ndiyo maana Liège na Guéret vilimfaa, na Madeleine ikamkataa.

Kuhusu vifaa, kanuni zinasema baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Bei ya baiskeli moja ya daraja hilo hupita shilingi milioni moja, na mwendeshaji wa timu kubwa huwa na zaidi ya moja, pamoja na fundi, mkandaji, daktari na mpishi. Hakuna familia ya kawaida inayoweza kubeba mzigo huo. Hapo ndipo mkataba unapotofautisha kipaji kinachoonekana na kipaji kinachooza.

Mlango ulifunguliwa lini

Mbio za wanawake barabarani ziliingia Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles. Mwaka huo huo iliandaliwa Tour de France ya wanawake, Marianne Martin wa Marekani akaishinda. Ilidumu hadi 1989 ikafa. Mbio nyingine zilijaribu kuziba pengo kwa majina tofauti, wadhamini wakija na kuondoka. Tour ya wanawake kwa jina lake kamili na siku zake nane ilirudi mwaka 2022, Annemiek van Vleuten wa Uholanzi akawa mshindi. Mshindi wa mwaka huo alipata euro 50,000. Wa wanaume alipata 500,000.

Badiliko kubwa zaidi lilifanyika ofisini. Mwaka 2020 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, lilianzisha leseni ya daraja la juu kwa timu za wanawake. Timu yenye leseni hiyo ililazimika kumlipa kila mwendeshaji angalau euro 15,000 kwa mwaka, karibu shilingi milioni moja na laki saba kwa thamani ya wakati huo. Mwaka 2022 kima hicho kilikuwa kimefika euro 27,500. Mikataba ikatakiwa pia kuwa na bima na likizo ya uzazi, jambo lililowaruhusu wanawake kuzaa na kurudi mchezoni badala ya kuchagua kimoja.

Sasa weka tarehe hizo sambamba na maisha ya Le Court. Alipokwenda Ulaya mara ya kwanza, kanuni hizo hazikuwepo na akarudi. Alipokwenda mara ya pili zilikuwepo, na ndani ya miaka miwili akawa ameshinda hatua Italia, mbio za Liège na hatua ya Tour. Ni kweli alikuwa amekomaa, na milima ya Rasi ilikuwa imemfunza mengi. Lakini miguu ni ile ile. Kilichobadilika zaidi ni kwamba safari hii kulikuwa na kazi yenye mshahara upande wa pili wa mlango. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, naye aligaagaa kweli. Lakini hata mgaagaaji huhitaji upwa wenye samaki.

Wengine wa Afrika

Le Court hayuko peke yake. Kwa wanaume, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent–Wevelgem mwaka 2022, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France pamoja na jezi ya kijani ya pointi. Girmay alipitia kituo cha mafunzo cha UCI kilichoko Aigle, Uswisi, ambako vijana kutoka nchi zisizo na timu kubwa hupewa makazi, kocha na mbio za kushiriki. Ngazi hiyo iko wazi kwa wasichana pia.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Jiji hilo liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na barabara zake hupanda na kushuka bila kupumzika. Le Court alishiriki akiwa na rangi za Morisi, na Magdeleine Vallieres wa Kanada ndiye aliyeshinda mbio za wanawake. Kwa mara ya kwanza msichana wa Kiafrika aliweza kusimama kando ya barabara ya mji wake na kuwaona wanawake hawa wakipita mbele yake, bila viza wala tiketi ya ndege.

Na huku Pwani?

Kenya si ngeni kwa mchezo huu. Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na kufunzwa baiskeli na Mkenya David Kinjah, kabla ya kuanza kuendesha kwa leseni ya Uingereza mwaka 2008. Kwa maneno mengine, kipaji kilinolewa hapa, na faida ikavunwa kwingine kwa sababu ngazi ya kupandia ilikuwa kwingine.

Hapa Pwani baiskeli ni chombo cha kila siku. Hubeba madafu, mikate, magaloni ya maji na watoto wa shule. Lakini hesabu wanawake walio juu yake. Msichana mdogo huendesha kwa furaha, na akishavunja ungo baiskeli hubaki kwa kaka zake. Sababu zinazotolewa ni nyingi, na mbili zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza ni stara. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, Masomah Ali Zada, mkimbizi kutoka Afghanistan, aliendesha mbio dhidi ya saa akiwa amevaa hijabu chini ya kofia ya kinga na mavazi yaliyomsitiri mikono na miguu. Hakuna aliyemzuia. Mzazi anayehofia mavazi anaweza kutulia kwa hilo, mazungumzo yakabaki juu ya usalama na masomo.

Ya pili ni hatari, na hii ni nzito zaidi. Mtu anayemkataza binti yake kuendesha kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, malori na matatu yakimpita sikioni, hana ubaya. Dawa yake ni njia za baiskeli kando ya barabara zinazopanuliwa, na hilo ni suala la wahandisi na bajeti, la kuulizwa kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma kabla lami haijamwagwa.

Yanayobaki hayahitaji mamilioni. Klabu moja yenye mwalimu mwaminifu na baiskeli chache za kuazimana ingetosha kuanza. Mbio za asubuhi mapema kwa wasichana wa sekondari, barabara ikiwa imefungwa kwa saa mbili, zingeonyesha nani ana miguu. Atakayeng'ara atahitaji leseni ya shirikisho la taifa, kisha mbio za Afrika Mashariki, kisha barua ya kuombewa nafasi Aigle. Morisi, yenye watu wachache kama Mombasa, imeonyesha kwamba ngazi hiyo inapandika. Huku kwetu inasubiri mtu wa kuisimamisha ukutani.